Dakika 50 za bwana harusi: uchambuzi wa asubuhi moja Tabata

Tuchukue Jumamosi moja ya Desemba jijini Dar es Salaam. Bwana harusi anaondokea nyumbani kwa wazazi wake, Tabata. Ndoa ni saa 4:00 asubuhi, Kanisa Kuu la Azania Front pale Kivukoni. Wapiga picha ni wawili. Mmoja yuko saluni na bibi harusi tangu alfajiri. Mwingine kapangiwa kufika kwa bwana harusi saa 12:30, apige maandalizi mpaka saa 2:00, kisha nusu saa ya sala na picha za familia, msafara utoke saa 2:30. Anafika kwa wakati. Bwana harusi hayupo: yeye na mpambe wake wako kwa kinyozi, na foleni ya Jumamosi ya Desemba inajulikana. Wanarudi saa 1:40. Kati ya saa mbili alizopangiwa mpiga picha zimebaki dakika 50, na ndani ya hizo 50 kuna kuoga.

Ni kisa cha kawaida sana, ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa kwa undani. Harusi zetu humpa bibi harusi saa nne za saluni, bwana harusi akaachiwa makombo ya muda kwa hoja kwamba mwanamume anavaa kwa dakika kumi. Kweli, kuvaa ni dakika kumi. Lakini mpiga picha hakutumwa kupiga kuvaa peke yake. Katumwa kumpiga baba akiwa na mwanawe chumbani, mama akimkagua kola, na bibi mzaa baba ambaye miguu haimruhusu kufika kanisani wala ukumbini. Bibi huyo picha zake zote za harusi hii zitapigwa nyumbani asubuhi hii, au hazitapigwa kabisa.

Kilichookoa kazi katika kisa hiki ni zile dakika 70 za kusubiri. Wapiga picha wengi wangezimalizia kwenye kochi na kikombe cha chai. Huyu aliomba vitu vyote vya bwana harusi viletwe mahali pamoja, juu ya kitanda kimoja: suti, shati, tai, kizibao, mkanda, soksi, viatu, saa ya mkononi, pafyumu, kadi ya mwaliko. Kuviona pamoja kunasaidia kwa mambo mawili. La kwanza ni picha za vitu vyenyewe, ambazo hazimhitaji mwenyewe awepo. La pili, lenye uzito zaidi, ni kwamba kasoro zinaonekana wakati bado zinarekebishika.

Nazo zilikuwepo. Koti la suti lilikuwa bado na nyuzi za dukani: herufi X ya uzi mweupe kwenye kila mpasuo wa nyuma, na lebo iliyoshonewa mkononi juu ya vifungo. Wanaume wengi huingia kanisani na hizo nyuzi, na kwa kuwa kanisani bwana harusi anapigwa picha kwa nyuma karibu ibada nzima, X hiyo inaonekana kwenye nusu ya picha. Hutolewa kwa mkasi mdogo: kata katikati ya X, kisha vuta nyuzi kwa upande wa ndani. Lebo usiivute. Iinue ukate mishono ya chini yake mmoja mmoja, maana kitambaa cha sufu kikichanika hapo hakuna wa kukishona asubuhi ile.

Shati lilikuwa bado ndani ya pakiti, na pini zake na karatasi ngumu ya kola. Mikunjo ya pakiti ni mistari iliyonyooka, miwili ya wima na miwili au mitatu ya kulala, tena ipo kifuani hasa. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni huikuza: kila mkunjo unapata upande mweupe na upande wa kivuli, shati linaonekana kama ramani iliyokunjuliwa. Pasi ilikuwa inatumika na akina mama kunyoosha sare za vitenge, hivyo mpiga picha aliomba mapema, kwa adabu, shati lipite katikati. Lilinyunyiziwa maji, likaanzwa kola, mabega, mikono, na mwisho vipande vya mbele ili visikunjike tena wakati wa kugeuza. Umeme ungekatika saa ile, shati lingeenda na mistari yake kanisani. Shati la harusi linapaswa kunyooshwa Ijumaa.

Kasoro ya tatu ilikuwa ngumu kidogo. Shati lile ni la mikono ya kukunja mara mbili, lisilo na vifungo vyake, linalohitaji vile vifungo vya chuma vya kupachika. Havikununuliwa. Duka la karibu halifunguliwi saa 1 asubuhi. Shangazi mmoja alishona mbadala kwa dakika tano: vifungo viwili vya kawaida vya shati, vimeunganishwa kwa uzi mzito uliopitishwa mara nne au tano na kuzungushiwa, ukiacha shingo ya uzi ya kama sentimita moja na nusu kati yake. Jozi mbili, moja kwa kila mkono. Vikipitishwa kwenye matundu manne vinakaa sawa, na koti likishavaliwa hakuna anayejua. Ile picha ya karibu ya mikono ikifunga vifungo vinavyong'aa haikupigwa, wala haikupaswa kulazimishwa.

Sasa chumba. Familia ilikuwa imeandaa sebule: kuta za waridi, watu wanane wanakunywa chai, dirisha linatazama mashariki na jua limeshaingia kwa nguvu. Ukuta wa waridi ni tatizo ambalo halionekani kwa macho, maana ubongo unalisawazisha, lakini kamera inaandika rangi hiyo shavuni na kwenye shati jeupe, upande ule tu unaotazama ukuta, na kusahihisha nusu ya uso ni kazi ya kuchosha. Chumba cha bwana harusi mwenyewe kilikuwa kimejaa mizigo ya wageni. Kilichobaki kikifaa ni chumba cha wazazi: kuta za krimu, kama mita 3 kwa 3.5, dirisha la magharibi. Asubuhi dirisha la magharibi halipati jua la moja kwa moja, linapata mwanga wa anga peke yake, laini, na usiobadilika kwa saa nzima. Hilo ndilo la kutafuta.

Chumba cha wazazi hakiingiliwi hivi hivi. "Shikamoo mama. Tunaomba ruhusa yako, kona ya dirisha la chumba chenu ndiyo yenye mwanga mzuri wa kumvalishia bwana harusi." Mama akaitikia marahaba, akaomba dakika tano apange mwenyewe, na hilo ni sahihi, mpiga picha asiguse kitu cha mle ndani kwa mkono wake. Hakukuwa na haja ya kupanga chumba kizima. Kinachohitajika ni dirisha, mita moja na nusu ya ukuta kando yake, na ukingo wa kitanda wenye shuka lililonyooka. Chandarua kikakusanywa na kufungwa juu, kalenda ikashushwa, waya za chaja zikatolewa, ndoo ikahamia korido.

Kisha kioo. Madirisha mengi ya alumini ya nyumba zetu yana vioo vya rangi, na hiki kilikuwa cha kijani. Mwanga ukipita humo ngozi inakuwa na ukijani wa kuumwa, nao haurekebishiki vizuri kwa kubadili joto la rangi pekee, kwa sababu kosa haliko kati ya bluu na njano. Liko kati ya kijani na majenta, ile rangi ya waridi iliyokolea kuelekea zambarau. Dawa ni kufungua. Dirisha la kusukuma lina vipande viwili vya kioo na kimoja cha wavu wa mbu, kila kimoja kwenye reli yake. Sukuma kioo kimoja kikae nyuma ya chenzake, halafu wavu nao uusukume ukae upande huo huo wa vioo. Nusu ya dirisha inabaki wazi kabisa, na nondo tu mbele yake. Nondo hazina madhara pasipo jua la moja kwa moja. Hazitupi kivuli kinachoonekana. Wavu wenye vumbi ndio unaokula mwanga kuliko watu wanavyodhani. Ile nusu yenye kioo cha kijani ikafunikwa na pazia zito.

Hapo ndipo kiyoyozi kilipoingia kwenye hesabu. Chumba kilikuwa kimewekwa nyuzi 18 tangu alfajiri ili bwana harusi asitoke jasho. Hewa ya Dar mwezi wa Desemba ina unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 22 hivi hufanya umande kikikutana nayo. Lenzi iliyokaa kwenye nyuzi 18, dirisha likifunguliwa, inafunikwa na ukungu papo hapo. Ukiufuta kwa kitambaa unarudi, na unaweza kuwa hata kwenye kioo cha nyuma ambako mkono haufiki. Mpiga picha alipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25 saa 1:00, kamera moja akaiacha kwenye begi lililofungwa barazani, na dirisha akalifungua saa 1:45 wakati bwana harusi yuko bafuni. Chumba kilibaki cha kuvumilika kwa zile dakika 20 zilizohitajika, na lenzi hazikupata ukungu wala kule nje baadaye. Hatua hiyo moja huokoa kazi nyingi kuliko lenzi ya bei mbaya.

Taa ya darini ilizimwa. Sababu ni mbili. Rangi yake haifanani na ya anga, kwa hiyo uso ungekuwa na rangi mbili. Tena, taa za bei nafuu kwenye umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa shata (kifungulio cha kamera kinachopitisha mwanga) ya kimyakimya ya kielektroniki unapata mistari ya giza iliyolala kwenye picha. Kwa anayelazimika kuiacha inawaka, kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde na shata ya kawaida hupunguza tatizo, ila mikono inayofunga tai kwa 1/50 hutoka imefifia kwa sababu ya mwendo. Mpiga video naye alikuwa na taa yake ya betri juu ya kamera. Walikubaliana kabla: chumbani haiwashwi. Makubaliano hayo yafanyike mlangoni, si mbele ya mzee.

Saa 1:55 bwana harusi alikuwa tayari. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba kamera haiingii mpaka suruali, fulana na shati viwe mwilini, vifungo viwili vya juu vikiwa wazi. Inalinda heshima yake, na pia inaokoa muda. Alisimama mita moja hivi kutoka dirishani, mwanga ukimjia kwa pembe ya kama nyuzi 45. Kosa la kawaida hapa ni kumwelekeza mtu dirishani mwili mzima: shati jeupe linapata mwanga mwingi kuliko uso, na kwa ngozi nyeusi tofauti hiyo inakuwa kubwa. Kinachofanyika ni kugeuza bega kidogo kutoka dirishani na kurudisha uso kwenye mwanga. Shati linapoa, uso unapanda. Upande wa kivuli mdogo wake alishika shuka jeupe lililokunjwa mara mbili, kama nusu mita kutoka mwilini, nje ya fremu, ili lirudishe mwanga upande huo.

Kipimo cha kamera kisiachwe kiamue chenyewe. Kikiona shati jeupe limejaa fremu kinashusha mwanga, shati linakuwa la kijivu na sura inazama gizani. Mtu akija kuipandisha kwenye kompyuta inatoka na chenga (vidoti vidoti) na rangi ya majivu. Hapa ilitumika mipangilio ya mkono: f/2.2 (uwazi wa lenzi), 1/200 (kasi ya shata), ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), faili ghafi, mwanga ukiwa umepandishwa mpaka sehemu nyeupe kabisa ya shati inakaribia kuungua, yaani kubaki nyeupe tupu, bila kuungua. Onyo la kumetameta ambalo kamera huonyesha sehemu zilizoungua likitokea kwenye ukingo wa kola tu, si neno. Likitokea kifua kizima, shusha.

Lenzi zilikuwa mbili, milimita 35 na milimita 85. Ukubwa wa chumba ndio ulioamua. Kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande kinachonasa mwanga), kumpata mtu wa mita 1.8 mzima kwa lenzi ya 85 unahitaji zaidi ya mita nne nyuma, na chumba hakina. Kwa hiyo 85 ilikuwa ya mikono, kola na macho. Ya 35 ilikuwa ya mtu kuanzia kichwa hadi miguu na ya watu wawili watatu, mpiga picha akiwa ameegemea kabati. Chini ya mita moja na nusu, lenzi ya 35 inavimbisha pua na mkono ulio mbele, basi hakusogea zaidi.

Mpangilio wa kuvaa una sababu zake. Viatu vinafungwa kabla ya tai na koti, maana akiinama na koti linakunjika mgongoni na shati linachomoka. Picha ya viatu ilipigwa kwa 35 kutoka chini, ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kikiwa kwenye mwanga. Kisha tai. Fundo likazwe mpaka kifungo cha juu kisionekane, ncha ifike kwenye kifungio cha mkanda. Kizibao, kifungo cha mwisho kikiachwa wazi. Saa ya mkononi. Pafyumu ilipulizwa shingoni kabla ya shati. Ile picha ya manukato hewani ilirudiwa baadaye kwa kupuliza pembeni, dhidi ya pazia jeusi, mwanga ukitoka nyuma, ndipo matone yanapoonekana. Kwenye shati jeupe pafyumu huacha doa la njano. Jasho la paji la uso lilikaushwa kwa tishu kwa kugandamiza. Ukifuta, nyuzi za tishu zinabaki kwenye ndevu.

Tumkazie macho baba na koti, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu picha bora ya asubuhi nzima. Tai ni ngumu kwa wazee wengi, na kumpa mzee kazi asiyoizoea mbele ya kamera ni kumtia aibu. Koti ni rahisi, na lina maana. "Baba, tunaomba umvalishe koti." Ila likishikwa juu, usawa wa mabega, bwana harusi analazimika kuinua viwiko, shati linapanda, kola inatoka nje, na uso unaonyesha mtu anayehangaika. Koti lishikwe chini, usawa wa nyonga, mikono iende nyuma na chini, kisha baba alipandishe lenyewe mpaka mabegani na alilaze kwa viganja. Viganja vile mabegani ndiyo picha. Mpiga picha alisimama upande wa dirisha, akiwaona wote wawili kwa robo tatu (kati ya mbele na ubavu), akapiga mfululizo bila kusema neno. Hakuomba irudiwe. Baada ya koti, nyuzi na vumbi vilitolewa kwa selotepu iliyozungushwa kiganjani, upande wa gundi nje, kwa kuwa suti nyeusi inaonyesha kila kitu. Mikono ya shati ikavutwa itokeze kama sentimita moja.

Ua la kifuani halikuwepo. Lilikuwa saluni pamoja na maua ya bibi harusi, kwa sababu mpambaji alipeleka yote kwa pamoja. Hakuna aliyetumwa kulifuata, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: bodaboda kwenda na kurudi ingekula muda wote uliobaki. Lilipachikwa kanisani, ukingo wa kushoto wa koti, pini ikiingia kwa nyuma. Pete nazo zilipigwa dakika tatu kabla ya kutoka, juu ya sinia lenye kitambaa, mpambe akiwa amesimama pale pale. Pete haiwekwi ukingoni mwa dirisha hata kwa sekunde moja.

Saa 2:12 ilikuwa zamu ya bibi. Hakuletwa kwenye dirisha. Bwana harusi alipelekwa kwake, chumba cha uani, akapiga magoti ili nyuso zilingane. Mwanga ulikuwa hafifu, kutoka mlangoni tu. ISO ilipanda hadi 3200, kasi ikashuka 1/125, na chenga kidogo si hoja. Mkono wa bibi kichwani mwa mjukuu ulidumu muda wa dua fupi, na fremu zilizopatikana ni tisa. Mama alikuja baadaye, na kwa kuwa alishapakwa vipodozi, alielekezwa aegemeze shavu upande wa pili wa kola huku kitambaa kikiwa begani. Fandesheni kwenye koti jeusi haitoki kwa maji.

Sala ilifanyika sebuleni saa 2:18, watu zaidi ya 20. Simu zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Ndugu waliambiwa mapema kwamba watapewa dakika mbili zao barazani, na kwa kuahidiwa hivyo wengi walitulia. Wakati wa sala mpiga picha hatembei. Anachagua kona kabla ya "tuombe" na anabaki hapo. Msafara ulitoka saa 2:36.

Ya kubadilisha kabla ya siku yameonekana. Kinyozi ni Alhamisi au Ijumaa mapema: vipele vya wembe hupata muda wa kulala na mstari wa nywele unaacha kuonekana mbichi. Siku tatu kabla, bwana harusi ajaribu kila kitu kuanzia soksi mpaka vifungo, atume picha kwa simu. Mpiga picha aulize swali moja ambalo halimo kwenye fomu nyingi za mkataba: ni nani nyumbani asiyeweza kufika kanisani? Jibu lake ndilo liamue muda wa kufika. Na mpambaji aambiwe kwa jina nani anapokea ua la bwana harusi, na wapi.

Kwenye kuhariri, picha za vitu zilizopigwa kabla kioo hakijafunguliwa zilihitaji kusogezwa kuelekea majenta, kwa kulinganisha na shati lenyewe. Za sebuleni, zenye waridi upande mmoja wa uso, zilisahihishwa kwa brashi kwa watu wa mbele tu. Tatu zilizokataa zikatolewa nyeusi na nyeupe. Za chumbani hazikuhitaji zaidi ya kuinua vivuli kidogo kwenye koti ili ukingo wa kola yake utengane na kizibao.